Kuvuka mlango wa bahari wenye mkondo: funga omo, acha mstari wa kwenye skrini

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una boti ya tanga inayokwenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, na unataka kuvuka mlango wa bahari wa maili 45 kutoka kaskazini kwenda kusini. Mkondo wa hapo kati unakwenda mashariki kwa saa sita hivi, kisha unageuka magharibi. Bandari unayoiendea ina kizingiti kisichopitika maji yakipwa. Umepanga kuchora mstari ulionyooka kwenye GPS, kuuambia usukani otomatiki ushikilie mstari huo, na kuondoka maji yakiwa yamejaa kabisa.

Kuhusu mstari, usifanye hivyo. Chagua uelekeo mmoja wa omo, yaani pua ya chombo, kwa safari nzima, ushike huohuo, na uiache bahari ikupeleke mashariki kisha ikurudishe. Kwenye skrini utaonekana umepotea vibaya. Hujapotea.

Maji unayosafiria yenyewe yanasogea, nawe unasogea nayo kama mtu anayetembea juu ya mkeka unaovutwa huku na huku. Ukienda sawa juu ya mkeka, utafika ukingo wa pili kwa hatua chache. Ukitaka nyayo zako zibaki juu ya mstari uliochorwa sakafuni, itabidi kila mara utembee upande kupambana na mvuto, na hatua hizo za upande hazikusogezi mbele hata kidogo.

Tufanye hesabu yako kwa namba, ingawa za kwako utazitoa mwenyewe kwenye atlasi ya mikondo. Tuseme umeondoka mkondo ukiwa ndio kwanza unaanza kwenda mashariki, na saa baada ya saa unakusukuma maili 0.5, 1.5, 2.4, 2.2, 1.4 na 0.4. Jumla ni maili 8.4 mashariki. Kisha unageuka. Safari yako ni ya saa tisa, kwa hiyo utapata saa tatu tu za mkondo wa magharibi: 0.4, 1.3 na 2.1, jumla 3.8. Toa, na unabaki na maili 4.6 mashariki. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mkondo unayopaswa kuifidia. Zile nyingine bahari itazifidia yenyewe.

Maili 4.6 katika safari ya maili 45 ni nyuzi ngapi? Kwa umbali wa maili 60, maili moja ya upande ni takriban uzi mmoja. Kwa hiyo 4.6 mara 60, gawanya kwa 45: nyuzi 6. Unaelekeza omo nyuzi 6 magharibi ya kusini na kuishikilia hapo kwa saa zote tisa. Mwisho wa saa ya sita utakuwa maili 5 na kidogo mashariki ya mstari wako. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu na kuanza kukata kona kurudi mstarini. Usikate. Mkondo ndio kwanza unageuka.

Sasa linganisha na usukani otomatiki ulioambiwa ushike mstari. Katika saa ya tatu, mkondo ukiwa noti 2.4, utalazimika kuigeuza omo karibu nyuzi 29 kuukabili, na mwendo wako wa kwenda kusini utashuka hadi noti 4.4. Nimejumlisha saa zote kwa mtindo huo: unafika nusu saa hivi nyuma ya yule aliyefunga omo. Nusu saa huenda isikuumize, ila mbele ya kizingiti inaweza kuumiza.

La upepo ni kubwa zaidi, na ndilo linalosahaulika. Chukulia upepo unatoka nyuzi 65 kulia kwa mstari wako, pembe nzuri, matanga yamelegea kidogo, chombo kinakwenda bila kuumia. Aliyefunga omo kwa nyuzi 6 bado ana nyuzi 59 za upepo. Yule wa mstari, mkondo ukishika kasi, amebakiwa na nyuzi 36. Boti nyingi za kawaida haziwezi kwenda karibu na upepo kiasi hicho. Ataanza kubisha, yaani kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo, au kuwasha injini, ilhali upepo haujabadilika hata kidogo. Nimewahi kuwa kwenye zamu ya usiku na wenzangu wakitaka tuwashe injini kwa sababu tu skrini ilionyesha tumeachana na mstari. Tuliweka alama za saa kwenye ramani ya karatasi, tukaona zinalingana na zile tulizochora kabla ya kung'oa nanga, na wasiwasi ukaisha. Ndiyo maana nakushauri uchore mapema pale unapotarajia kuwa kila saa. Mchoro utapinda, kwanza mashariki kisha kurudi. Ukiwa karibu na alama zako, uko njiani.

Kuna sharti moja: nyuzi 6 ni za noti 5. Upepo ukilegea ukawa unakwenda noti 4, safari inakuwa ya saa 11 na robo, na utapata karibu mkondo wote wa magharibi. Ukiongeza saa mbili za noti 2.3 na 1.5 kwenye mfano wetu, baki la mashariki linashuka hadi chini ya maili moja. Uelekeo sahihi unakuwa uzi mmoja tu, si sita. Ukiendelea kushikilia sita, utatokea karibu maili 4 magharibi ya bandari, na mkondo bado unakuvuta magharibi. Hapo utakuwa unapanda mkondo kwa tanga legevu, ukiwa umechoka. Kwa hiyo saa ya tatu ya safari, kaa chini upige hesabu upya kwa mwendo halisi, na saa ya sita tena. Tumia mwendo wa chombo ndani ya maji, yaani unaosomwa na kipimo kilicho chini ya chombo; ule wa GPS tayari una mkondo ndani yake. Mimi huandika kwenye daftari kila saa: muda, mwendo wa maji, uelekeo wa dira, mahali tulipo, na shinikizo la hewa.

Hata hesabu ikitoka sawa, usilenge mlango wa bandari penyewe. Lenga juu ya mkondo. Wakati wa kufika mkondo wako utakuwa unakwenda magharibi, basi tokea maili moja na nusu mashariki ya mlango na ushuke nao. Katika mfano wetu hiyo inakuondolea nyuzi 2, unabaki na 4. Ukitokea upande wa juu, kosa dogo linasahihishwa na bahari. Ukitokea chini, unalilipa mwenyewe maili kwa maili. Kumbuka pia kwamba upepo unakusukuma demani, yaani upande unakoelekea, nyuzi tatu hadi tano ukiwa unakwenda karibu na upepo na mawimbi yakiwa na nguvu. Hizo ziongeze upande wa joshini, unakotoka upepo, na upotofu wa dira usiusahau.

Sasa kuondoka maji yakiwa yamejaa. Sielewi kwa nini watu wengi wanaamini kwamba mkondo hugeuka maji yanapofika juu kabisa bandarini. Ndani ya ghuba au mdomo wa mto mara nyingi ni hivyo. Katikati ya mlango wa bahari mkondo unaweza kugeuka saa kadhaa kabla au baada ya maji kujaa kwenye bandari iliyo karibu. Kimo cha maji na mkondo ni vitu viwili, vina majedwali mawili. Atlasi ya mikondo inakupa ukurasa kwa kila saa, kuanzia saa sita kabla ya maji kujaa kwenye bandari ya rejea hadi saa sita baada yake. Kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, bandari ya rejea ni mara nyingi Dover, hata kama wewe unaondokea mbali nayo. Andika muda halisi juu ya kila ukurasa kwa penseli kabla ya safari, usihesabu kichwani usiku. Na angalia saa za jedwali: majedwali ya Uingereza kwa kawaida yako kwenye saa za Greenwich, ya Ufaransa saa moja mbele, na majira ya joto unaongeza saa nyingine.

Kwenye atlasi za Uingereza utakuta namba mbili kando ya mishale, kwa mfano 11,24. Ya kwanza ni noti 1.1 wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, ya pili noti 2.4 wakati wa bamvua, siku ambazo hupanda na kushuka sana. Siku za katikati unakadiria kwa tofauti ya kimo ya siku hiyo. Bamvua kali haiji siku ileile ya mwezi mpevu au mwandamo; sehemu nyingi inachelewa siku moja au mbili. Ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe kwa safari ya kwanza, chagua maji mafu. Kila kosa lako la hesabu litakuwa karibu nusu.

Kwa hiyo saa ya kuondoka itoke kwenye saa ya kufika. Anzia kizingitini urudi nyuma. Tuseme kizingiti kinatokeza mita 2 juu ya sifuri ya ramani, yaani kiwango cha maji yaliyopwa sana ambako vimo vinaanza kuhesabiwa, chombo chako kinazama mita 1.5, na unataka nusu mita ya akiba. Unahitaji kimo cha mita 4. Maji yakipwa hadi mita 1 na kujaa hadi 7, tofauti ni mita 6. Kwa kanuni ya sehemu 12, inayogawa tofauti hiyo sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, kwa hiyo baada ya saa tatu umepata nusu ya tofauti, yaani mita 3, na kimo ni 4. Mlango uko wazi kuanzia hapo hadi saa tatu hivi baada ya kujaa. Panga kufika mwanzoni mwa nafasi hiyo, maji yakiwa bado yanajaa: ukigusa chini yatakuinua. Ukigusa yakiwa yanapwa, umepwelewa. Kanuni hii haifai kila mahali. Southampton, kwa mfano, maji hujaa mara mbili mfululizo, na hapo lazima utumie mchoro wa bandari yenyewe. Kisha tazama kipimo cha shinikizo la hewa. Kila hektopaskali moja juu ya 1013, ambayo ni wastani wa kawaida, hushusha maji takriban sentimita moja. Hewa ikiwa 1033, sentimita 20 za akiba yako zimeondoka, na mbingu iko safi kabisa, hakuna kinachokuonya.

Ukishapata saa ya kuondoka, pitia tena kurasa zote na upepo uliotabiriwa. Mkondo ukikutana na upepo uso kwa uso, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana, hata kwa upepo ambao usingekusumbua mkondo ukienda nao. Hilo ni kali zaidi kwenye rasi na penye maji yanayobanwa. Mkondo wa Alderney, kati ya kisiwa hicho na pwani ya Ufaransa, unaweza kupita noti 8 wakati wa bamvua. Penye maji ya namna hiyo, boti ya noti 5 inapita muda ambao mkondo unairuhusu tu. Kama saa za upepo kinyume zinaangukia rasini, sogeza safari yote, hata kwa siku.

Na kama unakatiza njia za meli kubwa zilizotenganishwa, sheria za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972, kanuni ya 10, zinataka ukatize kwa uelekeo wa omo unaokaribia pembe mraba na mwendo wa meli. Ni omo inayotajwa, si njia unayoonekana ukipita juu ya ramani. Kwa hiyo ndani ya njia hizo usiigeuze omo kupambana na mkondo. Vuka upesi, na usizuie meli ya injini inayofuata njia yake. Upepo ukikufa humo, washa injini bila kusita.

Ukipata tarehe, weka hapa namba za mkondo za kila saa na vimo vya maji vya bandari ya kufikia, tupige hesabu pamoja. Ongeza na bandari ya pili isiyo na kizingiti, iliyo chini ya mkondo kutoka hiyo ya kwanza, kwa sababu upepo ukilegea huko ndiko utakakoishia.