Umehamishiwa kriketi? Anza na awamu ya kwanza

Mdogo wangu, umetolewa meza ya soka ukaletwa kriketi, na kazi ya kwanza uliyokabidhiwa ni Kombe la Ranji, mashindano ya majimbo ya India. Usihangaike na historia tangu 1934. Chukua msimu wa 2024-25 peke yake, kaa na kadi zake za matokeo, utajua kazi.

Soka imekuzoesha kwamba sare ni pointi moja huku na moja kule. Huku mechi za makundi huchezwa siku nne na nyingi haziishi. Ushindi kamili una pointi 6. Kila timu hupiga kwa awamu mbili. Ikiwa sare, yaani mechi haikuisha, timu iliyoongoza kwa mikimbio baada ya awamu ya kwanza ya kupiga huchukua 3, nyingine 1. Kwenye mtoano wa siku tano, ikiwa sare, aliyeongoza awamu hiyo ndiye anayesonga mbele. Kwa hiyo mara nyingi mechi huamuliwa siku ya tatu au ya nne, wakati wewe unasubiri filimbi ya mwisho.

Waangalie Kerala. Robo fainali, Pune: Jammu na Kashmir walipata mikimbio 280. Kerala wakafika 200 wakiwa wamepoteza wiketi tisa, yaani wapigaji tisa wametolewa na wa kumi akitolewa awamu inakwisha, na mhariri yeyote angeshaandika tanzia. Salman Nizar akabaki na Basil Thampi, mpigaji wa mwisho, wakaongeza 81. Jumla 281. Baadaye Kerala waliwekewa lengo la 399. Kazi yao ikawa kutotolewa tu, wakamaliza 295 kwa wiketi sita. Sare, wamepita kwa mkimbio mmoja.

Nusu fainali, Ahmedabad, ilikuwa ya kutisha zaidi. Kerala 457. Gujarat waliianza siku ya tano wakiwa 429 kwa saba (mikimbio 429, wiketi saba zimeanguka), wanadaiwa 28 tu kuwafikia. Aditya Sarwate, mrushaji wa Kerala, akazitoa wiketi zote tatu zilizobaki. Ile ya mwisho, Arzan Nagwaswalla alipiga kwa nguvu, mpira ukagonga helmeti ya Nizar aliyesimama karibu na mpigaji, ukaruka hadi kwa nahodha Sachin Baby, akaudaka. Gujarat 455. Kerala wakaingia fainali kwa mara ya kwanza. Habari kama hii iandike kwa uangalifu: wasomaji wako wengi wa kriketi Dar na Nairobi ni wa asili ya Gujarat, na wanaujua mchezo kukuzidi. Ukikosea nani alikuwa slipu, yule mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji, simu italia.

Fainali ilikuwa Nagpur. Vidarbha 379, Kerala 342, Baby akitoka na 98. Kisha Vidarbha wakapiga, wakapiga, Karun Nair akapata 135, hadi 375 kwa tisa. Mgeni angeandika kwamba wanapoteza muda. Ndiyo, walikuwa wanaupoteza, na kwa makusudi: kombe lilikuwa lao kwa ile tofauti ya 37, wakalitwaa kwa mara ya tatu.

Kuhusu mastaa, sitasema mengi. Virat Kohli alirudi kuichezea Delhi mwishoni mwa Januari, uwanja ukafurika, akatolewa na Himanshu Sangwan akiwa na 6. Iandike, ina wasomaji. Lakini mtu wa msimu alikuwa Harsh Dubey, mrushaji wa Vidarbha, wiketi 69, rekodi ya msimu mmoja wa kombe hili, na picha yake wachache waliiweka mbele.

Msimu ule ulikatwa katikati kupisha mashindano ya ova chache (mechi fupi zenye idadi maalumu ya mipira), ukarudi 23 Januari. Tunza msimamo wa Novemba, utauhitaji.

Mpira wa kwanza India hurushwa saa tatu na nusu asubuhi, yaani saa moja kwetu. Jioni ukiona timu iko 429 kwa saba dhidi ya 457, andaa vichwa viwili vya habari kabla hujalala, na uweke kengele.