Kwa Nini Vibarua wa Bei Nafuu Hawakuifanya Tanganyika Kuwa Nchi ya Viwanda?

Swali: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Arusha. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanauliza hivi: ikiwa ujira mdogo huvutia viwanda, mbona Mapinduzi ya Viwanda yalianzia Uingereza, ambako ujira ulikuwa mkubwa, na Tanganyika yenye mkonge mwingi na vibarua wa bei nafuu ikabaki kusafirisha malighafi? Je, ujira peke yake unatosha kuwa kipimo?

Jibu: Hautoshi, Mwalimu. Kinachopaswa kupimwa ni ujira ukilinganishwa na bei ya nishati na ya mashine, kwa sababu mwenye mtaji hununua mashine pale tu inapomgharimu kidogo kuliko watu ambao ingechukua nafasi yao. Katika karne ya 18 kibarua wa London alilipwa vizuri kuliko wenzake wa miji mingi ya Ulaya, ilhali makaa ya mawe yalikuwa rahisi mno pale machimboni. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712 ilikula makaa kiasi kwamba ilikuwa na faida karibu na migodi tu, ambako ilitumika kuvuta maji yaliyojaa chini. Hoja hii ina wapinzani: wanawake waliosokota uzi majumbani walilipwa kidogo sana, hivyo si rahisi kudai kwamba mashine ya kusokota uzi ya James Hargreaves ilibuniwa ili kukwepa ujira wao. Binafsi naikubali kwa upande wa mvuke, na kwa upande wa pamba naichukua kwa tahadhari.

Tanganyika ilikuwa na hali tofauti kabisa, na hapa ndipo ningependa wanafunzi wako wakae zaidi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka mitano baadaye serikali ya Kijerumani ikaanzisha kodi ya nyumba. Kodi hiyo, na ile ya kichwa iliyofuata, ndizo zilizomsukuma mtu wa Kigoma au Songea kwenda kuwa manamba, yaani kibarua aliyeandikishwa kutoka mbali, katika mashamba ya Tanga au ya hapa uwandani. Ujira wenyewe ulikuwa na mvuto mdogo. Manamba alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka kikamilike. Mara nyingi mke na watoto walibaki kijijini wakijilisha kwa jembe lao, na kwa hiyo mwajiri alilipa ujira wa mtu mmoja, huku gharama ya kulea kizazi kijacho cha vibarua ikibebwa na kijiji. Sioni namna sahihi zaidi ya kuueleza mfumo ule kuliko kusema kwamba shamba la mkonge lilipewa ruzuku na shamba la mahindi lililokuwa mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kwa ujira wa namna hiyo, mashine ilinunuliwa pale tu ambapo mkono ulishindwa. Jani la mkonge likishakatwa lazima lichakatwe mapema, kwa hiyo kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, yaani mashine ya kutenganisha singa (nyuzi) na nyama ya jani. Ukataji uliendelea kwa kisu, na singa zilipakiwa melini kwenda kusokotwa kamba ng'ambo, ambako sehemu kubwa ya thamani ilibaki.

Sasa tazama mlimani, Kilimanjaro. Wachagga walikuwa na vihamba, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba, na kahawa iliyoingia kupitia wamisionari iliwapa fedha ya kodi bila kushuka uwandani. Walowezi walilalamika, na baadhi yao walitaka wenyeji wakatazwe kulima kahawa ya arabika, kama ilivyokuwa Kenya; wakulima wakajibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, kilichofuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) mwaka 1933. Reli ileile ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ilibeba singa za mwajiri na kahawa ya mkulima. Tofauti ilikuwa katika swali moja tu, yaani kama mtu alikuwa na njia nyingine ya kupata fedha.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa, mashamba ya mkonge yalipunguza wafanyakazi kwa wingi, lakini mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 200,000. Kazi iliyodhaniwa kuhitaji umati ilifanywa na wachache, kwa sababu sasa kulikuwa na sababu ya kuipanga upya. Kilichouangusha mkonge baadaye ni jambo jingine, hasa nyuzi za plastiki zilizoshusha bei duniani.

Wanafunzi werevu watakutajia Japani, nchi ya ujira mdogo iliyoendelea kiviwanda. Wajapani waliibadilisha mashine ili iendane na ujira wao. Kiwanda cha hariri cha Tomioka kilifunguliwa mwaka 1872 kwa mitambo ya gharama kutoka Ufaransa. Waliofuata waliiga kwa kutumia mbao mahali pa chuma. Viwanda vya pamba navyo vilifanya kazi usiku na mchana, ili mtaji mchache uzalishe zaidi. Ni wanawake vijana waliobeba mzigo wa zamu hizo.

Kwa zoezi la darasani, basi, waulize mambo matatu kwa kila nchi: mfanyakazi aligharimu kiasi gani kulinganisha na nishati na mashine, nani aliilisha familia yake, na angeweza kwenda wapi kama angeikataa kazi ile.