Ukipotea mlimani na baiskeli

Mkuu umeuliza ukipotea na baiskeli mlimani uendelee kushuka au ukae. Kwanza simama, kunywa maji, maana wengi wanapotea zaidi kwa ile "ngoja nione kona ya mbele". Cheki alama za tairi zako kwenye udongo, zikionekana geuza urudi nazo mpaka pale ulipokuwa na uhakika, ila usikate porini kufuata bonde, utajikuta kwenye korongo na baiskeli begani. Simu izime data uokoe chaji, GPS inasoma hata bila netiweki kama ramani ulishaidownload. Giza likikukuta tulia hapohapo, vaa jaketi mapema kabla jasho halijakupoza, piga filimbi mara 3, pumzika dakika, rudia. Filimbi yangu naifunga kwenye mkanda wa begi, ndani ya begi huwa haionekani ukiihitaji.