Kabla ya benchi, uliza nani atafagia

Ukianza kazi ya kuwasaidia wakazi wanaotaka mahali pao pa kukutania, mapema sana utaletewa mchoro mzuri na orodha ya vifaa. Viweke kando kwanza. Nenda na daftari ukakae pale penyewe, asubuhi, mchana na jioni. Andika nani anapita, nani anasimama, na anasimama wapi.

Mimi nililijua hili nikiwa nimechelewa. Katika eneo la kwanza nililosimamia tulichimbia mabenchi manne kwenye zege, yakitazama barabara. Yalipendeza kweli. Lakini watu walikaa nyuma yake, juu ya ukuta mfupi, maana kivuli cha alasiri kiliangukia huko. Bibi mmoja alikuwa akija na kigoda chake. Anakaa, jua linamfuata, ananyanyuka na kukisogeza shubiri mbili, anakaa tena. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York miaka ya 1970, aliona kwamba mtu akikuta kiti kinachohamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata pasipo sababu ya wazi. Kwa hiyo anzeni na viti vya kuazima, wiki kadhaa, ndipo mfikirie zege.

Sasa suala la matunzo, ambalo ndilo huua maeneo mengi. Kwenye mkutano wa kwanza mikono ya kupaka rangi na kupanda miti huwa mingi. Uliza basi: ufunguo atakaa nao nani? Jumatatu anafagia nani? Taa ikiungua, ya kununua nyingine itatoka wapi? Watanyamaza. Uache ukimya huo uwepo, usiujaze kwa kusema "hilo niachieni mimi". Ukilisema, eneo limeshakuwa lako, na siku utakapohamishwa magugu yataota. Nimewahi kusubiri mpaka mtu wa mwisho kabisa ukumbini akasema atafagia yeye na mwanawe, na kutoka hapo zamu zikajipanga zenyewe.

Mwenye dirisha linalotazama kiwanja mfuate nyumbani kabla ya mkutano. Huenda anauguza mtu, au anafanya kazi usiku na kulala mchana. Kukubaliana naye saa ya kufunga ni kazi ya nusu saa. Kumtuliza akishakasirika huchukua miezi. Na ardhi ni ya nani? Ruhusa ya mdomo haitoshi, iwe kwenye karatasi yenye sahihi.

Barua ya maombi waandike wenyewe. Mwaka 1947 jiji la Amsterdam lilifungua kiwanja kidogo cha watoto kilichobuniwa na msanifu majengo Aldo van Eyck, na wakazi wa mitaa mingine wakaanza kuliandikia jiji wakiomba cha kwao. Katika miaka iliyofuata vilijengwa mamia. Ofisa husoma kwa namna nyingine barua inayosema watoto wetu wanachezea hapa kando ya magari, kuliko ile yenye maneno yetu ya ofisini. Wakikuletea rasimu, hakiki tarehe, mipaka ya kiwanja na jina la idara inayopelekewa. Sentensi zao ziache zilivyo.