Sauti Hurekebishwa Mahali Pake: Ushauri kwa Anayeanza Kumiksi

Mtu anayefungua FL Studio kwa mara ya kwanza, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta ambayo vijana wengi wa Bongo Flava na singeli wameanzia kazi, hukuta vidhibiti vya sauti kila upande: kwenye noti yenyewe ndani ya Piano Roll (dirisha la kuandikia noti), kwenye orodha ya chaneli, ndani ya ala anayoitumia, kwenye fada (vidhibiti vya kuteleza) za miksa, kwenye Master ambako sauti zote hukutana, juu ya dirisha la programu, kisha kwenye kompyuta na kwenye spika. Kwa kuwa vyote hupandisha na kushusha sauti, anayejifunza hugusa kile kilicho karibu na mkono. Nimesikiliza miksi nyingi, yaani sauti za wimbo zilizochanganywa pamoja, za wanaoanza, na kwa maoni yangu zinazosumbua haziharibiki kwa kukosa plagini (programu ndogo za kuongezwa) za bei kubwa. Huharibika kwa sababu sauti ilipandishwa au ilishushwa mahali pasipo pake.

Fuata safari ya sauti moja tangu inapozaliwa hadi inapotoka. Noti ina nguvu yake ya kupigwa, ambayo katika MIDI, mfumo wa kubeba maelezo ya noti, huhesabiwa kutoka 0 hadi 127, na katika ala nyingi nguvu hiyo hubadilisha ukubwa wa sauti pamoja na tabia yake. Hai-hati (matoazi ya ngoma) zinazosikika kama cherehani, kila pigo sawa na lililotangulia, hurekebishwa hapo, wala fada haiwezi kuzisaidia. Baada ya noti huja nobu ya chaneli, kisha sauti inaingia kwenye miksa, inapitia plagini zilizopangwa katika njia yake, na mwisho kabisa ndipo inapofika kwenye fada. Mpangilio huo wa plagini kutangulia fada ndio jambo ambalo ningependa mgeni alielewe kabla ya mengine yote.

Chukua mfano wa sauti ya mwimbaji ambayo vilele vyake vinafika desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sifuri, yaani kiwango cha juu kabisa, na kompresa, plagini inayobana sauti inayovuka kizingiti, yenye kizingiti cha desibeli 18 chini ya sifuri, iliyowekwa kubana kwa uwiano wa tatu kwa moja. Vilele vinavuka kizingiti kwa desibeli 6, kompresa inaruhusu 2 tu zipite juu yake, na hivyo inapunguza desibeli 4. Ukishusha fada, mwimbaji atasikika kwa mbali zaidi, lakini kompresa itaendelea kumbana vilevile kwa sababu haijui kwamba fada imeguswa. Ukishusha nobu ya chaneli kwa desibeli 6, vilele vitaishia kwenye kizingiti na kompresa haitafanya kazi yoyote, ingawa inaonekana imewashwa. Ndiyo maana prodyuza anayecheza na nobu ya chaneli baada ya kupanga plagini zake hushangaa kuona sauti imebadilika tabia wakati alitaka kuishusha kidogo tu. Kanuni ninayoifuata ni kupanga kiwango cha kuingia kwanza, kuweka plagini baadaye, na kuiachia fada kazi moja ya kupanga nani awe mbele na nani awe nyuma.

Kuhusu desibeli zenyewe, yatosha kwa kuanzia kukumbuka mambo mawili. Kuongeza desibeli 6 ni kuufanya ukubwa wa wimbi uwe mara mbili, lakini sikio la kawaida huhitaji karibu desibeli 10 ndipo likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Aidha, fada haigawanyi hatua zake kwa usawa: karibu na sifuri, kusogeza kidogo huleta mabadiliko madogo unayoweza kuyadhibiti, ilhali chini kabisa, msogeo uleule huruka desibeli nyingi. Ikiwa fada zako zote zimelala chini, sampuli zako zinaingia zikiwa kubwa mno. Zishushe kwenye chaneli, kisha zirudishe fada mahali ambapo vidole vinaweza kufanya kazi ya maana.

Wanaoanza huogopa sana rangi nyekundu kwenye mita, na hofu hiyo ina ukweli nusu. Ndani yake, FL Studio huhesabu sauti kwa namba za biti 32 zenye nukta inayoelea, zinazoweza kubeba viwango vinavyopita sifuri, kwa hiyo njia moja ya miksa kuvuka sifuri hakuipasui sauti hapo hapo, isipokuwa pale plagini fulani inapolemewa. Sauti hupasuka inapotoka nje ya programu, yaani inapofika kwenye kadi ya sauti au inapohifadhiwa kama WAV ya biti 16 au 24. Mita ya kulindwa kuliko zote ni ya Master. Hapo pana mtego mwingine: kiolezo cha kuanzia katika matoleo mengi huja kikiwa na limita (plagini inayozuia sauti kuvuka kiwango fulani) kwenye Master, nayo huzima dalili zote za miksi iliyojaa kupita kiasi, ikabaki sauti iliyobanwa isiyo na pumzi. Izime wakati wa kumiksi.

Jinsi ya kuanza, basi. Shusha fada zote, kisha ziinue moja baada ya nyingine, ukiacha kilele cha Master kibaki karibu desibeli 6 chini ya sifuri hata pale kiitikio kinapoingia na kila kitu. Nafasi hiyo hujaa haraka kuliko wengi wanavyotarajia, kwa kuwa sauti mbili zinazofanana kabisa zikijumlishwa huongeza desibeli 6, na zisizofanana lakini zenye ukubwa sawa huongeza takriban 3. Vitabu vingi hushauri kuanza na kiki (ngoma kubwa ya mdundo). Kwa muziki wetu, ambao msikilizaji hufuata maneno, mimi huanza na sauti ya mwimbaji na kiki pamoja, ndipo naingiza besi, na vinanda nikaviacha viombe nafasi. Usipandishe besi kwa sababu haisikiki kwenye simu; spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa masafa ya chini kabisa, hata ukiongeza desibeli 10. Kinachosaidia ni kuikwaruza besi kidogo kwa plagini ya kuongeza haramoniki, ili sehemu yake ya juu isikike na sikio likisie iliyobaki.

Kazi inayowafikia zaidi wageni ni ya msanii anayeleta biti (muziki wa wimbo bila mwimbaji) aliyoipakua mtandaoni ikiwa MP3 moja iliyokwisha kufanyiwa mastaringi, yaani matengenezo ya mwisho baada ya kumiksi. Biti ya namna hiyo imebanwa mpaka vilele vyake vinagusa sifuri, kwa hiyo hakuna mahali pa kuweka sauti ya mtu. Kumpandisha mwimbaji ili ashindane nayo ni kuingia vita usivyoviweza. Ishushe biti kwa desibeli 8 au 10 kabla hujarekodi neno lolote, kisha punguza kwa ikwalaiza (plagini ya kupandisha au kushusha masafa fulani) desibeli 2 au 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000, eneo ambalo matamshi ya konsonanti huhitaji kusikika. Na kama mwenye biti anapatikana, mwombe kila ala katika faili lake.

Kiwango unachosikilizia nacho hubadilisha maamuzi yako. Utafiti wa Fletcher na Munson uliochapishwa mwaka 1933 ulionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, masikio yetu hupoteza masafa ya chini kuliko ya kati. Ukimiksi kwa sauti ya juu utaiona besi inatosha, na msikilizaji wa sauti ya chini ataikosa. Chagua alama moja kwenye nobu ya kadi ya sauti, ya kiasi ambacho mnaweza kuzungumza bila kupaza sauti, na ubaki hapo. Vilevile, plagini yoyote inayoongeza sauti itaonekana imeboresha kazi, hivyo linganisha kabla na baada kwa kiwango kilekile.

Kuhusu ukubwa wa mwisho, Spotify na YouTube huzishusha nyimbo zilizozidi takriban LUFS 14 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) chini ya sifuri, na Apple Music hulenga 16, kwa hiyo faida ya kubana wimbo mpaka ulie ni ndogo sana. Unapopeleka kazi kwa anayefanya mastaringi, mpe WAV ya biti 24 isiyo na limita. Msanii atataka nakala yenye nguvu ya kusikiliza kwenye simu usiku huohuo. Mtengenezee MP3 ya pembeni yenye limita, na uandike kwenye jina la faili kwamba ni ya kusikiliza tu, kwa sababu usipoandika, ndiyo itakayopelekwa redioni.