Nilimtwika Bwana mzigo wangu, mbona bado nalia?

Swali: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaptembwo hapa Nakuru, ingawa nyumbani ni Vihiga. Desemba iliyopita kifungua mimba wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alifariki katika ajali karibu na Salgaa akienda kwa nyanya yake. Alitaka kuondoka asubuhi, nikamwambia anisaidie kwanza kibandani, kisha apande matatu ya jioni. Mwezi wa tano kanisani kwetu tulikuwa na siku tatu za maombi ya kuachilia. Kila mtu aliandika mzigo wake kwenye karatasi, tukazichoma kwenye karai mbele ya madhabahu, na mtumishi akasema kwamba atakayelia tena kwa ajili ya jambo hilo atakuwa amemnyang'anya Mungu mzigo aliokwisha kumpa. Mimi aliniagiza pia nichome nguo na picha za mtoto, nimsahau hata yule dereva wa lori, na niache kwenda kwa mshauri nasaha wa hospitali, kwa kuwa huko ni kumtegemea mwanadamu. Nguo nilizichoma. Picha moja, aliyovaa sare ya shule, ilinishinda, nikaificha kwa jirani. Wiki mbili baadaye niliwaona wanafunzi wa shule yake wakipita, nikalia hata nikafunga kibanda. Je, nimemkosea Mungu? Imani yangu ni bure?

Jibu: Mama, pokea pole zangu kabla ya neno lingine lolote. Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa bila kuijibu, kwa sababu niliisoma mara ya kwanza nikiwa na hasira juu ya waliokushauri, na hasira ya mwalimu haimfai aliyefiwa. Hata sasa haijaniisha yote. Utaikuta humu ndani, nawe ujue haikuelekei wewe.

Hukumkosea Mungu kwa kulia. Hukumnyang'anya kitu, na picha ile si sanamu. Ningeweza kuishia hapo kama fundisho ulilopewa lingekuwa la mtu mmoja katika kanisa moja, lakini nimelisikia Nakuru, nimelisikia hapa Kisumu, na nimelisikia matangani huko kwetu magharibi kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Na wanaolifundisha hawaji mikono mitupu, wanakuja na Biblia.

Andiko lao kubwa ni 1 Petro 5:7: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Wanalisoma kana kwamba limeandikwa "mkizitupa". Lakini waliotutafsiria Biblia walichagua neno kutwika, na sisi tuliokulia Kiswahili hatuna udhuru wa kutolielewa. Aliyewahi kusimama soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili amekuona kutwika kwa macho yake: mwenye gunia humwita mwenzake, wakalishika pembe mbili, mchukuzi akainama, ngata ikawekwa sawa kichwani, gunia likapanda. Halafu je, mwenye gunia huenda zake bila kutazama nyuma? Mama, wewe ni mtu wa biashara, unajua jibu. Hufuatana na mchukuzi hatua kwa hatua hadi mwisho wa safari, mikono yake ikiwa mitupu na shingo yake ikiwa imepumzika, lakini gunia bado ni lake, analijua, na akiulizwa ndani mna nini atasema. Anayetupa ndiye anayeachana na kitu. Anayetwika amepata mwenzi wa njia.

Najua atatokea aliyesoma Kigiriki aniambie kwamba neno la Petro, epiripto, maana yake hasa ni kutupa juu ya kitu. Ni kweli. Neno hilo linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mahali pa pili ni Luka 19:35, ambapo wanafunzi wanatupa nguo zao juu ya mwana-punda, na Biblia yetu ikasema "wakatandika". Nguo zile hazikuteketea wala kupotea. Zilibebwa mgongoni mwa yule mnyama kuelekea Yerusalemu, na wenyewe wakitembea kando. Petro mwenyewe anaazima maneno ya Zaburi ya 55, mstari wa 22: "Umtwike BWANA mzigo wako naye atakutegemeza." Tazama ahadi ilipoangukia. Zaburi haikusema atauondoa mzigo usiuone tena. Imesema atakutegemeza wewe, na mtu hutegemezwa akiwa bado na kitu kinachomwelemea.

Kama kuisikia tena fadhaa ni kumnyang'anya Mungu mzigo, basi wa kwanza kushtakiwa awe mtume Paulo. Katika 2 Wakorintho 11:28 anasema kwamba maangalizi ya makanisa yote humjia kila siku, na neno aliloliandika, merimna, ndilo hilo hilo ambalo Petro analitumia kwa fadhaa. Kila siku, Mama, na huyu ni Paulo. Katika sura ya kwanza ya waraka huo huo anakiri kwamba kule Asia walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuna aliyemwambia achome karatasi.

Andiko lao la pili ni Wafilipi 3:13, "nikiyasahau yaliyo nyuma", nalo sitalichelewesha. Yaliyo nyuma ambayo Paulo anayasahau ameyataja mwenyewe mistari michache kabla: kabila lake, tohara yake, Ufarisayo wake, haki yake ya sheria. Anaacha kujivunia vyeo. Kulitoa neno hilo hapo na kulipeleka kwenye kaburi la mtoto wa mtu ni kulitumia Neno la Mungu kama rungu.

Mimi ningetamani wahubiri wetu wakae kidogo na Yusufu, ambaye ndugu zake walimuuza utumwani. Alipozaliwa kifungua mimba wake huko Misri alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake. Huo ulikuwa ushuhuda wa kweli, tena wa hadharani, kwa maana kila alipomwita mtoto aliurudia. Kisha ikaja njaa, ndugu zake wakaja kununua nafaka, akawasikia wakizungumza lugha ya kwao. Akajitenga nao akalia. Alipomwona Benyamini mdogo wake akakimbilia chumbani akalia tena. Alipojitambulisha kwao alilia kwa sauti hata Wamisri wakamsikia. Je, Manase amegeuka uongo? Biblia haimkemei Yusufu mahali popote, wala haisemi imani yake ilipungua. Mungu alikuwa amemsahaulisha kiasi cha kumwezesha kuishi, kuoa, kulea na kutawala nchi, na bado moyo wake ulikuwa na mahali ambapo sauti ya nyumbani ilipagusa akalia. Wewe wanafunzi wenye sare ile walipita mbele ya kibanda chako. Ulitarajiwa ufanye nini?

Watakutajia Hana, yule mwanamke aliyekosa mtoto, kwamba aliomba akaondoka na uso wake haukuwa na huzuni tena. Amina, nami namhubiri Hana. Lakini 1 Samweli inasema mambo yale yalikuwa mwaka kwa mwaka, kila walipopanda kwenda Shilo, na kila mwaka alilia asile. Siku ile moja ya wepesi ilitanguliwa na safari nyingi za machozi kwenye nyumba ile ile ya Bwana, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba zile za kwanza zilikuwa za kukosa imani. Aliyekosea katika hadithi ile alikuwa kuhani Eli, ambaye alimtazama mwanamke mwenye uchungu akadhani amelewa. Eli angalau alirekebishwa na mwanamke mwenyewe, akanyamaza, akambariki.

Fundisho hili lina ukoo, na si ukoo wa mitume. Mhubiri wa Kimarekani E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, alifundisha kwamba muumini akiri ushindi kwa kinywa hata kama mwili unashuhudia vingine. Kenneth Hagin, naye mhubiri wa Kimarekani, akalieneza baada yake, likatufikia sisi kwa kanda, vitabu na mikutano ya hadhara. Katika fundisho hilo maumivu ni dalili ya kukanwa, na anayeyataja anayapa nguvu. Lakini Yesu alipokuwa akienda kaburini pa Lazaro alilia machozi, akiwa anajua kabisa kwamba baada ya muda mfupi atamfufua.

Sasa neno lenyewe, kuachilia, ambalo siku hizi limekuwa wimbo. Bwana wetu analitumia katika Luka 6:37: "achilieni, nanyi mtaachiliwa." Anayeachiliwa ni mtu mwenye kosa au deni. Kwa hiyo dereva wa lori unaweza kumwachilia, na iko siku, si lazima iwe mwaka huu, utamwachilia, maana yake utamkabidhi kwa Mungu aliye hakimu wa haki na kuacha kumuua moyoni mwako kila usiku. Hilo halikuzuii kusema ukweli ukiitwa mahakamani, wala halikulazimishi kumsahau. Lakini mtoto wako si mdeni wako. Hukuitwa umwachilie. Ulizaa, ukalea, ukazika, na upendo ulio nao kwake haujawahi kuwa dhambi hata uutubu. Paulo anawaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini; amewapa aina ya huzuni ya kuikataa, akawaachia nyingine.

Yuko mdeni mmoja ambaye nahofu hukumwandika kwenye karatasi ile, naye ni wewe mwenyewe. Katika barua yako yote sentensi iliyonishika ni ile ya matatu ya jioni. Nimezika watu kwa zaidi ya miaka 20 na sijaona mzazi aliyefiwa na kijana ambaye hana saa yake: laiti ningemzuia, laiti ningempigia simu, laiti angetangulia. Mama, kumwambia mtoto amsaidie mamaye kazi kabla ya safari si dhambi, na kisicho dhambi hakiungamwi. Ukikiungama kila siku hutapata raha, kwa sababu unaomba msamaha mahali ambapo hakuna kosa, na hapo msamaha hauna pa kutua. Yesu alipopashwa habari za waliouawa alitaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa na hatia kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakumtafuta aliyewatuma Siloamu saa ile. Kwa hiyo jambo hili lipeleke kwa Mungu kama uchungu, ukimweleza siku ile ilivyokuwa tangu asubuhi, kibanda kilivyokuwa na watu, ulichomwambia na alichokujibu, wala usilipeleke kama mshtakiwa.

Kuhusu mshauri nasaha, rudi. Nabii Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri; alimgusa akamwambia ainuke ale, akamwacha alale, akamgusa tena ale tena, na mazungumzo na Mungu yakaja baadaye, huko Horebu. Mtu aliyejifunza kukaa na waliofiwa na kuwasikiliza ni sehemu ya mkate ule. Wanaokuambia huko ni kumtegemea mwanadamu wakiumwa jino hawaendi mlimani kuomba.

Na usikae na haya peke yako kati ya ziara moja na nyingine. Wagalatia 6:2 inasema "Mchukuliane mizigo", kisha mstari wa tano unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, na wengi hudhani Paulo amejipinga. Furushi ni lile la kila siku, la kazi na wajibu, ambalo mtu mzima hubeba. Mizigo ile ya kwanza ni inayomwangusha mtu, na hiyo Kristo hujitwika mara nyingi kwa kutumia mabega ya watu wengine. Watafute akina mama wawili au watatu waliozika watoto. Hamtakosa kanisani, ila huenda nao wameagizwa wanyamaze. Wazee wetu wa Vihiga, kabla hawajajua kusoma Petro, walijua kwamba matanga ni ya watu wengi na yana siku zake, na kwamba aliyefiwa haulizwi mbona bado. Katika hilo walikuwa karibu na Injili kuliko karai lile.

Zaburi ya 13 ni fupi, mistari sita tu. Isome asubuhi kabla hujafungua kibanda, na ukifika penye "hata lini" usiharakishe kwenda kwenye mstari wa mwisho wa sifa. Siku nyingine utafika, siku nyingine utaishia katikati, na zote mbili ni sala. Wale watoto wako wengine wawili pia wanakutazama wajue kama jina la ndugu yao linaruhusiwa kutajwa nyumbani. Litaje.

Mtumishi wako simwiti mwongo. Nadhani aliogopa machozi yako kwa kuwa hakuwa na jibu, na wengi wetu tuliosimama mbele ya majeneza ya vijana tunaijua hofu hiyo. Ukiweza, mwonyeshe barua hii kwa heshima. Akikasirika, usibishane naye. Nguo zimeshaungua, na hilo nalo usijipige kwalo, ulitii ukiwa umevunjika. Lakini ile picha ya sare ya shule, nenda kwa jirani ukaichukue, uitundike mahali ambapo ndugu zake wataiona wakila.