Dawa za kifafa na kemikali inayotuliza ubongo: majibu ya maswali yenu

Barua nilizopokea kuhusu dawa za kifafa zinafanana katika jambo moja: karibu wote mmetaja usingizi, na karibu wote mmeuliza kama dawa hizi zinafanya kazi ileile kwa majina tofauti. Hazifanyi. Mimi ni mfamasia, si daktari wa ubongo, kwa hiyo nitaeleza dawa inafanya nini ikishafika kichwani. Suala la kubadilisha dozi ni la anayekutibu.

Swali: Mwanangu wa miaka tisa anameza fenobabito kila usiku. Haanguki tena, ila mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Je, dawa inamharibu ubongo? (Mama, Morogoro)

Jibu: Usingizi wa mwanao na kukoma kwa kifafa chake vimepitia mlango mmoja, mama, na ndiyo maana ni vigumu kupata kimoja bila kuonja kingine. Seli za neva huwasiliana kwa kemikali zinazovuka upenyo mwembamba ulio kati ya seli moja na nyingine. Ziko zinazochochea, kubwa kati yake ikiwa glutamati, na ziko zinazotuliza, kubwa kati yake ikiwa ile inayoitwa GABA. GABA hutua juu ya kipokezi kilichoundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyosimama duara kama mbao za pipa. Inapotua, tundu lililo katikati ya pipa hilo hufunguka, na chembe za kloridi, ileile iliyomo katika chumvi ya mezani, huingia ndani ya seli. Kwa kuwa kloridi hubeba chaji hasi, seli iliyoipokea huwa ngumu kuchochewa. Mtu anapoanguka kifafa, seli nyingi mno zinawaka kwa wakati mmoja na utulizaji huo umezidiwa.

Fenobabito haiongezi GABA. Kazi yake ni kushika kipokezi na kufanya tundu, likishafunguka, likae wazi kwa muda mrefu zaidi. Shida ni kwamba vipokezi hivi vimetapakaa ubongo mzima, pamoja na sehemu zinazotuweka macho na zinazotusaidia kushika masomo, na kidonge cha miligramu 30, kidogo kuliko punje ya hindi, hakina njia ya kuchagua kiende wapi. Hata historia yake ilianza na usingizi: dawa hii ilikuwa ya kulaza watu kabla Alfred Hauptmann, daktari wa Ujerumani, hajaripoti mwaka 1912 kwamba wagonjwa wa kifafa waliopewa walipungukiwa na mianguko.

Kusinzia si dalili kwamba ubongo unaharibika, na mara nyingi hupungua baada ya wiki za mwanzo. Usipopungua, mweleze daktari jinsi mwalimu alivyokueleza, kwa sababu masomo ya mtoto nayo ni sehemu ya matibabu yake. Mwambie pia ukiona kinyume chake, yaani mtoto amekuwa mtundu na mwenye hasira asivyokuwa zamani, maana fenobabito huwafanyia baadhi ya watoto hivyo.

Swali: Nimeandikiwa gabapentini kwa maumivu ya neva. Kwa jina lake, si ndiyo hiyohiyo GABA? (Mstaafu, Mombasa)

Jibu: Jina linapotosha, mzee wangu. Ilitengenezwa kwa kufuata umbo la GABA, lakini haikai kwenye kipokezi cha GABA. Hukamata sehemu ya mlango wa kalsiamu, yaani tundu la ukuta wa seli linalopitisha chembe za kalsiamu, na kupunguza kemikali za uchochezi zinazomwagwa na seli. Pregabalini ni ndugu yake na hufanya vivyo hivyo.

Swali: Mdogo wangu alianza kuanguka nyumbani usiku, usafiri ukachelewa karibu saa nzima. Hospitali alichomwa diazepamu mara mbili na hakutulia, mpaka wakamwekea dawa nyingine. Je, diazepamu ile ilikuwa feki? (Dada, Tabora)

Jibu: Dawa feki zipo, dada, lakini hapa mshukiwa wangu wa kwanza ni ile saa nzima. Diazepamu hushika kipokezi kilekile cha GABA, ila mahali pengine tofauti na fenobabito, na hufanya tundu lifunguke mara nyingi zaidi. Ili ifanye kazi inahitaji vitu viwili: GABA yenyewe iwepo, na vipokezi viwe juu ya uso wa seli. Mwanguko ukiendelea bila kukoma, seli huanza kuvivuta vipokezi hivyo ndani, na wakati huohuo vipokezi vya glutamati huongezeka juu yake. Kwa hiyo dawa ambayo ingemtuliza mdogo wako katika dakika za mwanzo ilifika ikakuta vipokezi vichache vya kushika. Ndiyo sababu tunahesabu dakika tano: mwanguko ukizivuka unahesabiwa kuwa wa dharura, na diazepamu isiposaidia mara mbili daktari huhamia kwenye dawa inayopita njia nyingine, kwa mfano fenitoini, ambayo huziba milango ya sodiamu.

Wengi huuliza kwa nini wasiendelee kuichoma tu. Jibu la uchungu lilipatikana Kilifi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu watoto wenye malaria ya ubongo. Watoto 340 waligawanywa nusu kwa nusu, nusu moja wakapewa dozi moja ya fenobabito, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na wengine dawa isiyo na kitu. Waliopewa fenobabito walipata degedege chache zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walikufa 30, dhidi ya 14 wa kundi la pili, na hatari ilikuwa kubwa hasa kwa waliokuwa wamechomwa pia diazepamu mara tatu au zaidi. Pumzi ziliwasimama. Seli zinazoendesha upumuaji nazo zina vipokezi vya GABA, na palipokosekana mashine ya kupumulia, utulizaji wa dawa mbili kwenye kipokezi kimoja ulivuka mpaka. Mimi tangu niusome utafiti huo, nikiona cheti chenye dawa mbili za aina hii pamoja, huinuka na kwenda kumuuliza aliyeandika.

Safari nyingine, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mtu mmoja ashike saa.

Swali: Vidonge viliisha zahanati, nikakaa wiki mbili bila dawa. Nilianguka mara nne kwa siku moja, kuliko hata kabla sijaanza kutibiwa. Imekuwaje? (Fundi, Mwanza)

Jibu: Ubongo uliokuwa ukisaidiwa kila siku kutulia umepunguza juhudi zake wenyewe: vipokezi vya GABA haviitikii tena kama zamani. Ukiondoa msaada ghafla, uchochezi unabaki bila mpinzani. Fenobabito hupunguzwa kidogokidogo kwa miezi, na hilo linapangwa na daktari, haliachiwi rafu tupu. Dirishani kwangu nimeona bahasha za watu waliofuta maandishi ya 1 x 1 na kuandika wenyewe nusu kidonge ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Afadhali uje siku saba kabla vidonge havijaisha, tukutafutie.

Pombe nayo huingilia vipokezi hivihivi, na ndiyo maana mnywaji wa miaka mingi akiacha kwa siku moja anaweza kuanguka ndani ya saa arobaini na nane, hata kama hajawahi kuwa na kifafa.

Swali: Binti yangu hukodoa macho sekunde chache kama aliyeduwaa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Alipewa kabamazepini na hali ikazidi. Kama dawa zote hutuliza, kwa nini? (Baba, Nakuru)

Jibu: Kwa sababu utulizaji wenyewe unaweza kuwa chanzo. Kifafa cha kuduwaa hutokana na mzunguko kati ya gamba la ubongo na thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Seli za thalamasi zina milango ya kalsiamu ya aina ya pekee: GABA ikizituliza sana, milango hiyo hujiandaa, na utulivu unapoisha hufunguka kwa pamoja na kurusha mlipuko mpya wa umeme, ambao huita GABA tena, na mzunguko ukaendelea. Kwa hiyo dawa zinazoongeza GABA, kama vile tiagabini na vigabatrini, zinaweza kuuzidisha. Kabamazepini huziba milango ya sodiamu, na kwa kifafa cha aina hii inajulikana kwa kuharibu mambo. Ethosuksimidi ndiyo inayolenga milango ile ya kalsiamu. Rudi kwa daktari mapema, na kama simu yako ina kamera mrekodi binti akiduwaa, maana sekunde kumi za video humweleza daktari zaidi ya barua yangu hii.

Swali: Natibiwa kifua kikuu na nina kifafa. Nimeambiwa isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huleta mianguko. Ni kweli? (Kijana, Dodoma)

Jibu: Ni kweli, hasa dozi ikizidi. Ubongo hutengeneza GABA kutokana na glutamati ileile inayochochea, na kimeng'enya cha kazi hiyo hakifanyi kitu bila vitamini B6, ambayo isoniazidi huipunguza. Aliyemeza isoniazidi nyingi mno anaweza kuanguka mfululizo na diazepamu isimfae vya kutosha, kwa kuwa GABA ya kuifanyia kazi haipo. Tiba yake ni B6 ya sindano. Kwa dozi yako ya kawaida hofu ni ndogo, ila usiache dawa yoyote kati ya hizo mbili. Waambie wa kliniki ya kifua kikuu jina la dawa yako ya kifafa, kwa sababu rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, huharakisha kuondoka kwa baadhi ya dawa za kifafa mwilini, na uangalie kama piridoksini, yaani B6 ya vidonge, imo kwenye bahasha uliyopewa.